Karatasi ya Kwanza

Sanduku la mjomba Fortunato lilikuwa la mbao za kasha la sabuni,
miguu mitatu, jicho moja,
na mkono wa koti kuukuu umeshonewa ubavuni
ili aingize kiganja gizani bila giza kumwagika.
Hapo nilijifunza kazi, kwenye ngazi za kanisa, Potosí,
ambako baridi huilaza dawa usingizi
na ilinibidi niikumbatie chupa chini ya blanketi
kama mtoto mwenye homa
mpaka ipate joto la kufanya kazi.

Tunasema kupiga picha. Hakuna anayepigwa.
Mjomba aliondoa kifuniko cha jicho,
akahesabu kwa Kikechua, moja, mbili, tatu,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni,
akakirudisha. Basi.
Nuru iliyotoka usoni pako imekwisha ingia,
imekaa kwenye karatasi, haijasema kitu.
Karatasi bado nyeupe. Ukiiona utaapa umeibiwa.

Tunasema tena kusafisha picha. Ni kinyume.
Ni kuichafua karatasi safi, taratibu, ndani ya dawa,
pale tu nuru ilipoigusa,
mpaka uchafu ufanane na mtu.
Fedha ndiyo inayogeuka nyeusi, fedha ileile
ambayo kwa ajili yake mlima ule nyuma yetu umemeza wanaume.
"Unatoa fedha, unapewa fedha," mjomba aliwatania wateja,
"ila hii ina uso wako."

Kinachotoka kwanza si wewe. Ni hasi:
meno ya makaa, mboni nyeupe,
anga la mchana limekuwa usiku wa manane.
Vijana hutoka vikongwe, kichwa mvi tupu.
Ndiyo maana mjomba hakumwonyesha mtu karatasi ya kwanza.
Aliibandika mbele ya jicho, akaipiga picha hiyo picha,
na kinyume cha kinyume kikawa mtu.

Nicolasa Yucra alikuja siku ya ndoa yake
na shali nyekundu, anacheka,
Tiburcio kando yake kasimama kama nguzo ya simu.
Karatasi ile haioni nyekundu. Kwake nyekundu ni giza.
Shali ikatoka nyeusi ti.
Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba:
mmemvika msiba binti wa watu!
Mjomba alirudisha nusu ya malipo.
Sikumwona akifanya hivyo tena.

Sasa sanduku ni langu. Mwaka jana, Jumanne,
alikuja mwanamke akitaka picha ya pensheni ya wajane.
Shali nyeusi, ya kweli safari hii.
Misuko miwili, myeupe kama chumvi ya Uyuni.
Sikumjua mpaka alipotaja jina.
Kulikuwa na mawingu, nikahesabu hadi saba.
Nilikuwa nimeitoa karatasi kwenye ndoo
akaniwahi, akaitwaa ikidondoka maji.

Misuko miwili, myeusi.
Shali nyeupe ya bibi arusi.
Na uso, uso ulikuwa mweusi
kama wa Tiburcio akitoka shimoni saa kumi na moja jioni,
kabla hajanawa.

Hakulia. Aliniuliza bei.
Nikamwambia hiyo si picha, mama, ni nusu ya njia,
ofisini hawataipokea.
"Ya ofisi itengeneze, nangoja," akasema.
"Hii ni yangu."

Ya ofisi aliitia kwenye bahasha bila kuitazama.
Ya kwanza aliishika kwa ncha za vidole, mbele yake, ikauke,
akashuka ngazi vivyo hivyo, mguu baada ya mguu,
kama aliyebeba bakuli lililojaa pomoni.

Sikuiosha vya kutosha. Dawa imebaki ndani;
miaka michache tu itaanza kugeuka kahawia,
kuanzia pembeni.
Nilifungua kinywa nimwite.
Kisha nikainama kumwaga ndoo.